Kawia ufike: Mwaka mmoja wa Nautilus chini ya barafu

Msomaji, Mungu akikujalia kufika Marekani, usidhani safari imekwisha ukishayaona majumba marefu ya New York. Panda garimoshi liendalo Boston, keti upande wa kulia ili uione bahari, na baada ya saa tatu hivi shuka katika kituo cha New London, jimbo la Connecticut. Mji wenyewe si mkubwa. Una mto mpana, daraja refu la magari na upepo wenye harufu ya chumvi. Mto huo unaitwa Thames, sawa na ule wa London, ila wenyeji hulitamka jina hilo kwa namna yao. Ng'ambo ya mto kuna mji uitwao Groton, na huko ndiko ninakotaka tufuatane leo.

Kama watu wa Lamu walivyozoea jahazi, ndivyo watu wa Groton walivyozoea nyambizi, yaani manowari zinazopiga mbizi na kusafiri chini ya maji. Hapo pana kiwanda cha Electric Boat ambacho mpaka leo huziunda. Kando yake, ukipanda mto kidogo, pana kituo kikubwa cha wanamaji. Na nje ya lango la kituo hicho pana jumba la makumbusho ambalo halitozi kiingilio. Mbele ya jumba utaona pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Ile ndogo ni kipimo cha unene wa Holland, nyambizi ya kwanza ya jeshi la Marekani. Ile kubwa ni kipimo cha nyambizi za aina ya Ohio, zinazobeba makombora. Simama katikati ya pete hizo nawe utapata picha ya umbali ambao binadamu ametembea.

Lakini kilichotuleta ni chombo cheusi kilichofungwa gatini nyuma ya jumba. Kwa mbali utadhani ni nyangumi aliyekuja kuota jua. Jina lake Nautilus, nambari 571, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Ilianza utumishi mwaka wa 1954, ikastaafu 1980, na katika miaka hiyo ilisafiri zaidi ya maili nusu milioni. Hata hivyo, ukitaja jina lake popote wanapokaa mabaharia, watakutajia mwaka mmoja tu: 1958. Na katika mwaka huo watakutajia siku moja, tarehe 3 Agosti, ilipopita kwenye Ncha ya Kaskazini chini ya barafu.

Mimi nakuomba tuingie ndani tukiwa na nia nyingine. Tuitazame miezi iliyotangulia siku hiyo. Humo mna moto, mna bomba linalovuja, na mna nahodha aliyegeuza chombo chake na kurudi wakati Rais wake alikuwa akingoja habari njema.

MTOTO WA GROTON

Nautilus ni mtoto wa papa hapa. Rais Harry Truman mwenyewe alikuja Groton tarehe 14 Juni 1952 kushuhudia kuwekwa kwa mkuku wake. Mnamo tarehe 21 Januari 1954, Mamie Eisenhower, mke wa Rais aliyefuata, alivunja chupa ya shampeni kwenye omo, na chombo kikateleza mpaka mtoni. Nyuma ya kazi hiyo yote alikuwepo Hyman Rickover, ofisa wa jeshi la majini aliyezaliwa Poland katika familia ya Kiyahudi na kuhamia Marekani akiwa mtoto. Alikuwa mkali kama pilipili. Maofisa waliotaka kuingia katika nyambizi za nyuklia aliwasaili yeye mwenyewe mmoja mmoja, na wengi walitoka ofisini mwake wakitokwa na jasho.

Ili uelewe furaha ya watu hao, kumbuka nyambizi za zamani zilikuwaje. Zilitumia injini za dizeli, na injini ya dizeli haiwaki bila hewa. Kwa hiyo chini ya maji zilitegemea betri, na betri zikiisha nguvu, chombo hakikuwa na budi kupanda juu kutafuta hewa. Zilikuwa kama mzamiaji wa lulu, ambaye hukaa chini kwa pumzi alizovuta tu.

Nautilus haikuhitaji pumzi hizo. Ndani yake mlikuwa na tanuri ambamo urani ilitoa joto kali bila moto. Joto hilo lilichemsha maji, mvuke ukazungusha mitambo, na mitambo ikazungusha rafadha zinazosukuma chombo. Hewa ya mabaharia nayo ilisafishwa kwa mashine na kuongezewa oksijeni. Tangu hapo, kilichoweza kuirudisha nyambizi bandarini upesi kilikuwa ni chakula kwisha stoo, au binadamu wenyewe kuchoka. Tarehe 17 Januari 1955, chini ya nahodha wa kwanza, Eugene Wilkinson, iling'oa nanga na kutuma ujumbe kwamba inasafiri kwa nguvu za nyuklia. Mwezi Mei mwaka huo ilikwenda kutoka New London hadi San Juan, Puerto Rico, zaidi ya maili 1,300, kwa muda usiozidi saa 90, bila kuinua kichwa juu ya maji hata mara moja.

SHUKA NGAZI

Sasa tuingie. Utapewa kifaa cha kusikiliza maelezo, nawe utajiongoza mwenyewe. Chombo kina urefu wa mita 97 na ushei, karibu sawa na uwanja wa kandanda, na upana wa mita 8 na nusu. Lakini usitegemee nafasi. Mgeni anaruhusiwa kuona sehemu ya mbele tu. Upande wa nyuma, uliko mtambo wa nyuklia, umefungwa.

Unaanzia chumba cha topido, yale makombora ya majini yenye umbo la sigara. Kuna matundu sita ya kuyafyatulia, milango yake ya shaba ikimetameta kama sufuria ya mwali. Hii ni nyambizi ya kushambulia, na kazi iliyoundiwa ni kuwinda meli za adui. Usisahau hilo hata unapovutiwa na mambo mengine.

Ukisonga mbele unapita vyumba vya maofisa. Chungulia chumba cha nahodha. Kina kitanda, meza ya kukunja na kabati. Ukinyoosha mikono yote miwili unakaribia kugusa kuta. Mwaka wa 1958 chumba hiki kilikuwa cha William Anderson, mzaliwa wa mashambani Tennessee, aliyepigana katika nyambizi za dizeli kwenye Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Alikabidhiwa Nautilus mnamo Juni 1957, akiwa na umri wa miaka 36 tu.

Anderson alikuwa na deni moyoni. Mwaka huo huo wa 1957 alikuwa ameipeleka Nautilus chini ya barafu kwa mara ya kwanza, akitokea upande wa Atlantiki. Periskopu zote mbili, yale mabomba marefu yenye vioo vya kuonea juu ya maji, zilipinda baada ya kugonga barafu. Mafundi walipanda juu katikati ya upepo mkali wakaichomelea mojawapo. Chombo kikaendelea hadi nyuzi 87 kaskazini. Hapo vifaa vya kuonyesha njia vikakosa umeme, na Anderson akabaki kama kipofu katika kichaka. Alirudi, zikiwa zimesalia maili 180 tu kufika Nchani.

Majuma machache baadaye, tarehe 4 Oktoba 1957, Urusi ilirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza, ikawa inazunguka juu ya vichwa vya Wamarekani ikilia kama kinda la ndege. Nchi nzima iliingiwa na wasiwasi kwamba imeachwa nyuma. Ikulu ya Rais Eisenhower ilitaka kitu cha kuwatuliza watu, nacho kikaonekana katika nyambizi hii. Safari mpya ikapangwa, mara hii kutokea Pasifiki, kupita Mlango wa Bering, kupenya chini ya Ncha na kutokeza Atlantiki. Ilikuwa siri kubwa, ikijulikana na watu wachache tu.

MOSHI NA DAWA YA REJETA

Nautilus iliondoka Groton tarehe 25 Aprili 1958, ikielekea Mfereji wa Panama. Hata kabla ya kuufikia, mambo yalianza kuharibika. Vitambaa vinavyofunika mitambo ili joto lisitoke vilikuwa vimenyonya mafuta kwa miaka mingi. Vikashika moto. Moshi ulijaa sehemu ya injini, na barakoa za kuzuia moshi hazikutosha. Chombo kikapanda juu, milango ikafunguliwa, na watu wakapokezana kuingia na kuvichana vitambaa vile mpaka moto ukazimika.

Hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Karibu na Panama, bahari ni wazi. Ukishikwa na moshi unapanda juu na kupumua. Je, moto huo ungetokea chini ya barafu yenye unene wa futi kumi, maili mia kadhaa kutoka kwenye maji yaliyo wazi? Anderson alilifikiria swali hilo vyema. Kabla ya kuikabili barafu, chombo kilitiwa mabomba ya hewa safi yenye vifaa vya kuvaa usoni, ili kila mtu apate pumzi hata kama moshi umetanda.

Shida ya pili ilikuwa ndogo kwa sura lakini mbaya kwa tabia. Katika nyambizi ya namna hii, mvuke ukishafanya kazi hupozwa kwa maji ya bahari ili uwe maji tena. Mahali fulani katika kipoozeo hicho maji ya chumvi yalikuwa yakipenyeza na kuingia katika maji safi ya mtambo. Chumvi hula chuma. Mafundi walitafuta tundu hilo wasilione.

Na hapa, msomaji, mafundi wetu wa Grogan kule Nairobi watatabasamu. Chombo kilipofika Seattle, Anderson aliwatuma mabaharia wake mjini wakiwa wamevaa nguo za kiraia. Walizunguka kutoka kituo kimoja cha petroli hadi kingine wakinunua makopo ya dawa ile inayotiwa kwenye rejeta ya gari inapovuja. Walinunua kama makopo 140, kila moja kwa chini ya dola mbili. Nusu ya dawa hiyo wakaimimina katika kipoozeo cha chombo kilichogharimu mamilioni ya dola. Uvujaji ukakoma! Maarifa ya jua kali, kumbe, hayana mipaka.

MCHANGA CHINI, BARAFU JUU

Shuka sasa hadi chumba cha uongozaji. Hapa utaona usukani mfano wa ule wa ndege, saa za kupimia kina na msitu wa vali na mabomba. Mabaharia wa zamu walikaa hapa wakiongoza chombo wasichoweza kuona kinakwenda wapi, kwani nyambizi haina dirisha. Walitegemea masikio ya mitambo. Chombo kinatuma sauti chini, sauti inagonga sakafu ya bahari na kurudi, nao wanajua kina. Kwa safari hii kiliwekewa pia vifaa vya kutuma sauti juu, na sindano ilichora kwenye karatasi umbo la barafu iliyo juu ya vichwa vyao. Kulikuwa hata na kamera ya televisheni iliyotazama juu.

Kabla ya kuondoka Seattle, Anderson alikuwa ameruka hadi Alaska akiwa amevaa kiraia na kutumia jina la bandia, akaitazama barafu kutoka kwenye ndege ya kukodi. Tarehe 9 Juni 1958 wakang'oa nanga. Nambari 571 ilipakwa rangi isionekane.

Watu wengi hudhani hatari ya barafu iko kwenye Ncha yenyewe. La hasha. Kwenye Ncha bahari ni ya kina kirefu, na nyambizi hupita mbali chini ya barafu. Hatari iko mlangoni. Bahari ya Chukchi, iliyo baada ya Mlango wa Bering, ina kina kifupi, kama mita 50 tu mahali pengi. Mwezi Juni barafu ya baridi iliyopita huwa bado haijasogea kaskazini. Tena barafu ile si bamba moja laini kama sahani. Pepo huisukuma, vipande hugongana na kupandana, na chini ya kila rundo huning'inia mzizi mrefu kama wa mbuyu uliopinduliwa.

Ndipo Nautilus ilipojikuta imebanwa. Chini yake mchanga, juu yake barafu. Karatasi ikichora, sindano ikishuka, watu wakinyamaza. Chombo kikapita chini ya mzizi mmoja wa barafu wenye urefu wa zaidi ya futi 60 kwenda chini. Nafasi iliyobaki kati ya barafu na sehemu ya juu ya nyambizi ilikuwa futi tano. Kimo cha kijana wa darasa la nane. Na mbele yao ilikuwako barafu zaidi, katika bahari isiyoongezeka kina.

Mweke akilini mtu yule aliyesimama hapo ulipo. Alitimiza miaka 37 mwezi huo huo wa Juni. Mwaka mmoja nyuma alishageuka mara moja. Ikulu inasubiri. Warusi wako angani. Nyuma yake wako watu zaidi ya mia moja, na hakuna hata mmoja ambaye angemlaumu kwa kujaribu kilomita moja zaidi.

Anderson aliamuru chombo kigeuzwe. Kikarudi kusini kwa uangalifu ule ule kilioingilia, kikavuka Pasifiki mpaka Pearl Harbor, Hawaii, na kufika tarehe 28 Juni. Hakuna aliyempigia makofi. Hakuna hata aliyejua ametoka wapi.

Mimi kwangu huo ndio ushujaa wa mwaka ule. Kusonga mbele kuna sifa zake, na kila mtu huziona. Kurudi hakuna sifa. Wazee wetu walisema kawia ufike, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kukawia mbele ya macho ya wakubwa? Dereva wa matatu anayekataa kuvuka mto uliofurika hutukanwa na abiria wale wale ambao amewaokoa.

SIKU YA TATU YA AGOSTI

Walingoja karibu mwezi mzima huko Hawaii, huku barafu ikichunguzwa kutoka angani. Tarehe 23 Julai wakaondoka tena. Mara hii walipofika kaskazini barafu ilikuwa imesogea. Walitafutatafuta njia kandokando yake mpaka, tarehe 1 Agosti, karibu na Point Barrow kule Alaska, wakalipata bonde refu lililo chini ya bahari. Wakaingia humo kama mtu anayeingia ukumbini kwa mlango wa mbele. Sakafu ikaporomoka chini yao, chombo kikashuka, na kasi ikaongezwa. Njia ikawa nyeupe.

Bado kulikuwa na swali la mwelekeo. Karibu na Ncha dira ya kawaida huchanganyikiwa, na hata dira za kuzunguka huanza kusitasita, kwa sababu dunia nayo huzunguka hapo. Ukisimama penyewe kwenye Ncha, kila upande ni kusini. Ukipotea kidogo unaweza kuzunguka chini ya barafu ukidhani unakwenda Ulaya kumbe unarudi Alaska. Safari hii walikuwa na kifaa kipya kiitwacho N6A, kilichokuwa kimeundwa kwa ajili ya kuongoza makombora. Chenyewe hakikutazama nyota wala kusikiliza redio. Kilihisi kila mwendo wa chombo na kuujumlisha, kama mtu anayehesabu hatua zake gizani.

Pita sasa hadi ukumbi wa kulia wa mabaharia. Hapa ndipo walipokula, wakatazama sinema, wakacheza karata na kusikiliza mashine ya santuri. Na hapa ndipo wengi walipokusanyika Jumapili ile, tarehe 3 Agosti 1958. Mashine ikanyamazishwa. Anderson akahesabu umbali uliobaki kwa kipaza sauti. Saa tano na robo za usiku, kwa saa za Marekani mashariki, Nautilus ikapita Nchani ikiwa na watu 116. Chini yao maji yalikuwa na kina cha futi 13,410, yaani zaidi ya mita 4,000. Ungeuchukua Mlima Kenya na kuutumbukiza hapo, kiasi cha mita elfu moja tu za kilele kingebaki nje.

Baharia mmoja alijitokeza amevaa kama Baba Krismasi, akidai kwamba wageni wameingia shambani kwake bila hodi. Barua zikapigwa muhuri wa Ncha ya Kaskazini. Kisha chombo kikaendelea bila hata kupunguza mwendo. Baada ya saa 96 na maili 1,830 chini ya barafu, kikaibuka tarehe 5 Agosti kaskazini mashariki mwa Greenland na kutuma ujumbe wa maneno matatu: Nautilus, tisini, kaskazini.

Helikopta ilimchukua Anderson karibu na Iceland. Tarehe 8 Agosti akawa Ikulu, na Eisenhower akautangazia ulimwengu. Nyambizi yenyewe ilitia nanga Portland, Uingereza, tarehe 12, na ilipofika New York tarehe 25 Agosti ililakiwa kwa gwaride na mvua ya karatasi. Ilipewa tuzo ya Rais ambayo kabla ya hapo haikuwahi kutolewa kwa chombo wakati wa amani. Miaka michache baadaye Anderson aliingia siasa na kuwa Mbunge wa Tennessee. Aliaga dunia mwaka wa 2007.

WALIOBAKI NYUMBANI

Usitoke kabla ya kuviona vitanda vya mabaharia. Vimepangwa ghorofa tatu, kila kimoja chembamba kama kisusu cha jeneza, na pazia dogo ndiyo faragha yote ya mtu. Kwenye ukuta wa kitanda palikuwa na nafasi ya picha moja au mbili za familia.

Familia hizo ziliishi papa hapa Groton na New London. Aprili walipunga mikono. Tangu hapo mke alijua tu kwamba mume wake yuko baharini. Watu wa Nautilus walikaa Hawaii karibu mwezi mzima, baada ya kuikwepa ile dari ya barafu kwa futi tano, na hawakuruhusiwa kumwambia mtu walikotoka wala wanakokwenda. Barua zao ziliongea juu ya hali ya hewa. Bomba lilivuja, lakini siri haikuvuja.

Ukitaka kujua siri hiyo ilikuwa nzito kiasi gani, kumbuka Thresher. Ilikuwa nyambizi ya kushambulia, mpya kuliko Nautilus, na New London ilikuwa bandari yake. Tarehe 10 Aprili 1963 ilikuwa ikijaribiwa kwenye kina kirefu cha Atlantiki baada ya matengenezo. Haikurudi. Walikufa watu 129, kumi na saba kati yao wakiwa raia. Wachunguzi waliona kwamba yaelekea bomba la maji ya bahari lilipasuka, maji yakaharibu umeme, na chombo kikakosa nguvu za kupanda. Bomba tu! Tangu hapo jeshi hilo likaweka utaratibu mkali wa kukagua kila bomba na kila kiungo kabla nyambizi haijaruhusiwa kuzama.

Ukiijua habari hiyo, zile chupa za dawa ya rejeta hazichekeshi sana. Wala ule uamuzi wa Juni hauonekani kuwa woga. Nyuma ya kila mtu kati ya wale 116 palikuwa na mlango fulani mjini humu, na mtu nyuma ya mlango huo akitega sikio.

UKITAKA KWENDA

Nautilus iliburutwa kurudi Groton mwaka wa 1985 na kufunguliwa kwa wageni Aprili 1986. Ilitolewa majini kwa matengenezo makubwa, ikapokea wageni tena mwaka wa 2022, kwa hiyo utaikuta nadhifu. Ulizia siku za kufunguliwa kabla hujafunga safari, maana kuna siku ya juma ambayo jumba hufungwa. Valia viatu visivyoteleza. Ukiwa mrefu, inamisha kichwa kwenye kila mlango. Kwa mwenye magoti mabovu au asiyependa mahali finyu, jumba la makumbusho lenyewe lina mengi ya kumtosha, zikiwemo periskopu unazoweza kuchungulia na kuuona mto.

Watoto watakimbilia topido. Waache. Lakini ukifika chumba cha uongozaji, simama kidogo, nyosha mkono juu ya kichwa chako, na uwaonyeshe watoto hao futi tano ni nafasi gani. Kisha waeleze kwamba hapo ndipo nahodha aliposema turudi, na kwa sababu alirudi, wote wakafika.

Safari njema.